Simu za setilaiti na GPS kuyumba kuanzia saa 2 usiku miezi ya Machi na Oktoba: hili jambo linatabirika, tujadiliane

FundiAntena (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi ya mitambo ya mawasiliano ya melini hapa Dar, mwaka wa 11 huu, na naandika huu uzi kwa sababu nimechoka kuona watu wanabadilisha vifaa vizima.

Iko hivi. Machi mwaka jana kuna nahodha alikuwa ananipigia karibu kila siku, mtambo wake wa setilaiti ule wa masafa ya L (megahezi 1,500 na kitu) mchana kutwa uko poa, ikigonga saa 2 usiku unaanza kukata, unarudi, unakata tena, mpaka saa 5 hivi halafu unatulia wenyewe. Muuzaji alishambadilishia antena, akabadilisha kebo, akabadilisha na kisanduku cha ndani, tatizo liko palepale. Nikapanda melini jioni moja nikakaa na laptopu kuanzia saa 12, mbingu safi hakuna wingu, bahari imelala. Nguvu ya mawimbi ya GPS kwenye skrini inasoma desibeli 45, 46, imenyooka kama imepigwa rula. Saa 2:17 setilaiti moja ya upande wa kaskazini ikaanza kucheza, 45, 38, 47, 29, 44, ndani ya sekunde chache tu, ikafuata ya jirani yake, za kusini wala hazijatikisika. Dakika 4 baadaye simu ya nahodha ikakata.

Hapo ndipo nilipojua antena haina kosa lolote, shida iko kilomita 300 juu ya vichwa vyetu.

Kwa ambao ni mara ya kwanza kusikia, hewa ya juu kabisa kuanzia kama km 80 hadi km 1,000 imechanwachanwa na mwanga mkali wa jua, elektroni zimeachana na atomi zake, huko panaitwa ionosfia. Kila wimbi linalotoka kwenye setilaiti lazima lipite humo. Sasa jua likizama, tabaka la chini linafifia haraka, lile zito la km 300 linabaki, na wakati huohuo kuna nguvu ya umeme ya machweo inayolisukuma lile zito juu zaidi. Chukua glasi, tia mafuta ya kula, mimina maji juu yake, mafuta hayatakaa chini, yatatafuta upenyo yapande. Huko juu ni hivyohivyo, ile hewa nyepesi ya chini inatoboa tabaka zito na kupanda kama mapovu, povu moja upana wake unaweza kufika km 100 au 200, na kingo zake zimechanika vipande vidogo vidogo. Wimbi likipita kwenye hivyo vipande linatawanyika na linafika kwako likimetameta kama nyota inavyometameta. Wataalamu wanaita sintilesheni, na kipimo chake kinaitwa S4, kutoka 0 (shwari) kwenda 1 (balaa).

Na sisi tumekaa pabaya kwa hili. Mstari wa ikweta ya sumaku huku kwetu haupiti Nanyuki wala Kampala, unapita Ethiopia. Yale mapovu yanazaliwa kule juu ya Ethiopia halafu yanajinyoosha kufuata mistari ya sumaku, miguu inashuka kaskazini na kusini. Elektroni nazo zinapanda pale ikweta mchana na kumwagika pembeni kama chemchemi, lundo la kusini linatua juu ya Kenya kusini na Tanzania. Lundo kubwa likitobolewa na povu ndipo mawimbi yanapoumia zaidi. Ndiyo maana Dar inaweza kupigwa vibaya kuliko Addis Ababa kwenyewe.

Hoja yangu ni moja. Watu wengi wakitaka kujua kama usiku utakuwa mbaya wanafungua zile taarifa za dhoruba za jua wanaangalia namba ya Kp (kipimo cha 0 hadi 9 cha jinsi jua linavyoitikisa sumaku ya dunia), wakikuta 1 au 2 wanasema leo shwari. Kwa Ulaya na Kanada hiyo inasaidia. Kwa huku inawadanganya, ule usiku wa nahodha Kp ilikuwa 1. Huku cha kuangalia ni machweo. Mwezi gani, jua liko kwenye miaka yake ya ukali au limepoa, na tabaka lile limepanda kiasi gani saa 1 usiku.

Nakaribisha maswali, na wenye uzoefu tofauti waweke.

---

mpimaji_dodoma

Aisee mkuu umenigusa mimi ni mpimaji wa ardhi, kazi zetu kawaida zinaisha jioni lakini mwaka jana tulikuwa na mradi wa barabara tukawa tunaforsi mpaka usiku kukwepa jua, rova (kile kipokezi cha GPS cha kupimia) inapoteza ule usahihi wa sentimita kuanzia saa 2 na kitu, inahangaika inarudi inapotea, tukasema labda redio ya besi, kile kituo kinachoitumia rova masahihisho, imeisha betri. Tumebadilisha betri zote. Sasa swali langu kwa nini Machi na Oktoba, mbona Juni tulifanya kazi usiku na haikusumbua?

---

FundiAntena

Swali zuri sana. Ile nguvu ya umeme ya machweo inakuwa kubwa pale giza linapofika kwa pamoja ncha zote mbili za mstari wa sumaku, kaskazini na kusini. Sasa mstari wa machweo unainamainama kufuatana na msimu, na miezi ambayo kwetu unakaribia kulala sambamba na mistari ya sumaku ni ya karibu na Machi 21 na Septemba 23. Mwamerika mmoja Roland Tsunoda aliliandika hili mwaka 1985 na mpaka leo ndiyo msingi wa kujua msimu. Brazil mistari yao ya sumaku imepinda vingine ndiyo maana wao msimu wao mkali ni Desemba. Afrika lakini ina ubishi wake, setilaiti zinaona mapovu huku hata miezi ambayo kwa kanuni hiyo yalitakiwa kuwa machache.

Halafu kuna mzunguko wa jua wa miaka 11. Oktoba 2024 wamarekani walitangaza jua limeingia kilele cha mzunguko wa 25. Kwenye kilele elektroni zinakuwa nyingi, mapovu yanapanda juu zaidi. Nimepiga hesabu ya mkono ya mistari ya sumaku, povu likipanda km 500 pale ikweta ya sumaku mguu wake unagusa anga la Nairobi, kufika Dar lazima lipande km 800 au zaidi. Miaka ya jua kupoa mengi hayafiki huko, ndiyo maana 2019 nahodha wangu hakuwa na neno.

---

Kasuku_wa_Kilifi

Kazi safi mkuu. Mimi niko chuo hapa Pwani Kenya nasoma fizikia, niongezee kidogo. Hii kitu ilionekana kitambo sana, 1938 Booker na Wells walikuwa na mtambo kule Huancayo Peru wa kupiga mawimbi juu na kusikiza mwangwi, usiku mwangwi unarudi umetawanyika badala ya mstari safi. Hapo ndio ilianzia. Peru ndio wako na rada kubwa ya Jicamarca tangu miaka ya 1960, hio ndio imefundisha dunia mzima hizi habari. Sisi Afrika hatuna rada ya aina hio.

Lakini Kenya tuko na historia yetu. Wataliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, Ghuba ya Ngwana pale karibu na Malindi, ya kwanza ilikuwa Aprili 1967, na walichagua hapa kwa sababu ni karibu na ikweta. Chuo Kikuu cha Nairobi kimewahi kuwa na risiva ya ule mtandao wa SCINDA wa maabara ya jeshi la anga la Marekani, kazi yake kupima S4 usiku kucha. Risiva moja inaona duara fulani tu la anga. Ukiwa na moja Nairobi, moja Kilifi na katikati hakuna kitu, unabaki kukisia.

---

BabaNaima

Samahani mimi sio mtaalamu, nina dishi la Starlink nyumbani na ofisini tuna VSAT, ile intaneti ya dishi la setilaiti. Hizi nazo zinakatika usiku, kumbe ndio haya mapovu?

---

FundiAntena

Hapana ndugu yangu, na hili ni muhimu watu walielewe. Mapovu yanaumiza zaidi masafa ya chini. Ukipandisha masafa madhara yanashuka kwa kasi. Redio za setilaiti za megahezi 250 hivi ambazo majeshi wanazipenda, hizo zinauawa kabisa. Masafa ya L, yaani GPS, simu za setilaiti za mkononi na mitambo ya dharura ya melini, zinaumia vibaya miaka ya kilele. Madishi ya gigahezi 12 kwenda juu kama yako karibu hayaguswi, yenyewe adui yake ni mvua. Kwa hiyo likikata angalia nje, kama kuna wingu jeusi la masika jibu unalo, kama nyota zinaonekana safi angalia kebo na umeme.

Na kwa wanaodhani hili ni suala la wavuvi na wapimaji tu, soma habari ya Takur Ghar, Afghanistan, tarehe 4 Machi 2002. Helikopta ya wanajeshi wa Marekani ilikuwa inakwenda kuokoa wenzao juu ya mlima, makao wakajaribu kuionya kwa redio ya setilaiti isitue pale kileleni, ujumbe haukufika, ikatua katikati ya risasi. Wamarekani 7 walikufa katika mapigano yale. Mwaka 2014 Michael Kelly na wenzake wa Johns Hopkins wakachukua picha za setilaiti ya TIMED za siku ile wakakuta povu la plazima (ndiyo haya mapovu yetu) lilikuwa limekaa kati ya uwanja wa vita na setilaiti ya mawasiliano. Hawakusema ni povu peke yake, milima nayo ilichangia, ila povu lilikuwepo. Ilikuwa Machi, mwaka wa kilele cha jua. Nikifikiria kwamba msimu na saa vilikuwa vinajulikana kabla moyo unauma.

---

dispatcher_254

Niko upande wa ndege. Tangu Novemba 2019 shirika la anga la kimataifa ICAO lilianzisha taarifa rasmi za hali ya anga za juu, vituo vinapokezana saa 24, na kwa Afrika kuna kituo cha Hermanus kule Afrika Kusini. Taarifa zinagusa redio za HF za kuongea mbali, GPS, mionzi, na mawasiliano ya setilaiti. Kwa GPS S4 ikivuka 0.5 wanaita ya wastani, ikivuka 0.8 ni kali. Shida kwetu ni kwamba nyingi zinatoka jambo likiwa limeshaanza, rubani yuko juu ya Bahari Hindi tayari. Nataka nipate masaa 3 au 4 kabla, hata kama ni kwa asilimia. Inawezekana?

---

FundiAntena

Mkuu hapo ndipo penyewe, na nitajibu kwa urefu maana ndiyo kiini cha uzi.

Wamarekani walitumia pesa nyingi kwa swali lako hilohilo. Aprili 2008 walirusha setilaiti inaitwa C/NOFS, ikazunguka karibu na ikweta kati ya km 400 na 850, kazi yake moja, kutabiri haya mapovu. Ikakuta jua limelala usingizi mzito kuliko walivyotarajia na mapovu yakawa yanatokea hata baada ya saa 6 usiku, tofauti na vitabu. Ilianguka kutoka angani mwishoni mwa 2015. Ikaja COSMIC-2 ya Taiwan na Marekani Juni 2019, setilaiti 6 za ukanda wa ikweta, hizi zinasaidia na huku kwetu zinapita. Kuna GOLD nayo inapiga picha mapovu vizuri sana ila imekaa juu ya Amerika ya Kusini, jicho lake linaishia Afrika Magharibi, sisi haituoni.

Sasa utabiri una ngazi. Mwezi na mwaka wa jua hiyo ni rahisi, naweza kukuambia leo kwamba Oktoba ina usiku mbaya mwingi kuliko Julai na sitakosea. Ngazi ya pili ni siku yenyewe. Jioni tabaka la km 300 likipanda kwa kasi ya kama mita 40 kwa sekunde au zaidi miaka hii ya kilele, mapovu yana nafasi kubwa sana, likipanda kivivu usiku unapita salama. Hiyo kasi unaipata kwa ionosonda (mtambo wa kupiga mawimbi juu na kusikiliza mwangwi), au unakisia. Na hapo ndipo dhoruba zinaingia, maana dhoruba haileti mapovu tu, inaweza kuyazuia pia. Uga wa sumaku unaoletwa na upepo wa jua ukigeukia kusini wakati sisi tuko kwenye machweo, umeme unapenya mpaka ikweta na kulisukuma tabaka juu, mapovu makubwa. Dhoruba ikiwa imeshakaa masaa mengi upepo wa huko juu unabadilika na kulikandamiza tabaka, unapata usiku mtulivu wakati Kp inapiga kelele. Setilaiti zinazokaa km milioni 1.5 kuelekea jua, kama ACE, zinatupa onyo la kama nusu saa mpaka saa nzima, basi.

Ngazi ya tatu ndiyo tunayoweza wenyewe. Povu likishazaliwa linasafiri kuelekea mashariki, mita 100 kwa sekunde au zaidi kidogo. Jua linazama kwetu kwanza kwa hiyo pwani ndiyo inaanza kuzalisha yake, halafu Nairobi, Kampala, Goma. Lakini yale ya Uganda yanakuja huku usiku ukiwa umekomaa. Kampala kwenda Nairobi ni kama km 500, hiyo ni saa 1 na dakika 20 na ushee. Mtu wa Kampala akituambia saa 3 kwamba kwake kumechafuka, wa Nairobi anajua saa 4 na nusu ajiandae. Hakuna haja ya setilaiti ya mamilioni kwa hilo, ni watu na risiva zao na kundi la ujumbe.

---

mpimaji_dodoma

Mkuu tusiishie kuandika tujaribu basi. Leo ni Machi. Toa utabiri kabla jua halijazama sisi tukupime.

---

FundiAntena

Sawa. Saa hizi ni saa 10 alasiri. Kp 1, jua lina nguvu, tuko wiki ya usiku na mchana kulingana. Nasema pwani na Dodoma kuyumba kuanzia saa 2:10 mpaka 2:40 usiku, kuisha kabla ya saa 6. Upande wa Goma saa 2 kasoro mpaka saa 2 na nusu ya kwao.

---

Kasuku_wa_Kilifi

Saa 2:21, risiva ya chuo S4 imefika 0.6 kwa setilaiti mbili za kaskazini. Sai 2:34 imepita 0.8, moja imepotea kabisa.

---

mpimaji_dodoma

Nimeweka rova juu ya tripodi nyuma ya nyumba. 2:29 imepoteza usahihi wa sentimita. Mke wangu kaja kuuliza nafanya nini gizani nikamwonyesha skrini namba zinavyoruka, tumekaa wote hapa tunahesabu.

---

Jirani_wa_Nyiragongo

Mimi niko Goma, huku tuko saa moja nyuma yenu. Natumia simu ya setilaiti kazini, tunaongea na timu ziko porini kila usiku. Saa 2:05 ya huku sauti imeanza kukatika, nimepiga mara 5, mara 3 imekataa. Kabla ya huu uzi ningesema betri. Tumekubaliana kuanzia kesho ripoti zote za usalama ziingie kabla ya saa 1 na nusu jioni, miezi hii yote.

---

dispatcher_254

Huo uamuzi wa kusogeza saa ya ripoti ndio matumizi halisi ya utabiri. Hongera sana ndugu wa Goma.

---

FundiAntena

Wakuu nimerudi siku ya pili na lazima niseme ukweli. Jana niliona nimelenga. Leo hali ni ileile, Kp 1, jua lilelile, mwezi uleule, nilitabiri vilevile, nimekaa bandarini mpaka saa 5:30 usiku na hakuna kitu. Namba zote 45, 46. Nahodha mmoja kaongea na familia yake saa nzima bila kukatika.

Na hii ndiyo inayowasumbua mabingwa wote duniani, siku mbili zinafanana kwa kila kipimo tunachoweza kusoma, moja inatoa mapovu nyingine haitoi. Kuna wanaosema mapovu yanahitaji mbegu, kitu cha kulitikisa tabaka kwa chini ndipo litoboke, na wanashuku mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka kwenye ngurumo kubwa za mvua. Kama ni kweli basi radi za bonde la Kongo na milima ya Ethiopia jioni zina usemi kwenye simu ya mtu wa Dar. Wengine wanasema ni upepo wa juu kule km 250 ambao karibu hakuna anayeupima huku kwetu. Mimi naelemea hii ya pili ila sina cha kuthibitisha, ninachohitaji ni rekodi za usiku uliokuwa shwari. Hizo hakuna anayezitunza, kila mtu anaandika siku iliyokata tu, na bila siku nzuri huwezi kujua siku mbaya ilitofautiana na nini.

Mwenye risiva yoyote inayohifadhi nguvu ya mawimbi naomba aiwashe saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, kila siku mpaka Aprili iishe, ikate isikate.

---

mpimaji_dodoma

Rova yangu inalala juu ya paa kuanzia leo, nimeivutia waya wa umeme kupitia dirisha la jikoni. Faili nitaziweka hapa kila asubuhi. Ya usiku huo wa pili hiyo hapo, haijakata hata mara moja.

---

Jirani_wa_Nyiragongo

Goma usiku huo wa pili nayo shwari kabisa. Lakini kulikuwa na radi kubwa upande wa Masisi tangu saa 10 alasiri, naiandika hapa isipotee.